Kwa Nini Magimbi Huwasha Koo, na Jinsi Yanavyopaswa Kupikwa

Swali lililoletwa kwenye safu hii na msomaji wa Dodoma linahusu magimbi, chakula ambacho kwao, katika nchi kavu ya uwele na mtama, hakikuwahi kupikwa, na ambacho alikinunua baada ya kusikia kuwa kinawafaa wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa mama mkwe wake anayeishi naye ana ugonjwa huo. Anaeleza kwamba aliyamenya kama amenyavyo viazi, mikono ikamwasha, kisha akayachemsha hadi yalipoanza kulainika na kuyaandaa mezani, na wote walioyala wakalalamika kuwashwa ulimi na koo. Anataka kujua kama magimbi yale yalikuwa na sumu, yanapaswa kupikwa namna gani, na kama ni kweli kwamba mwenye kisukari anaweza kuyala bila kujipimia.

Dalili anazozieleza ni za magimbi ambayo hayakuiva, na kwa kuwa watu wote wa chungu kimoja waliwashwa, dhana ya mzio, yaani hali ya mwili wa mtu mmoja kukikataa chakula ambacho wengine hukila salama, inaweza kuwekwa kando. Hata hivyo, neno "hayakuiva" linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu kiazi mviringo kisichoiva vizuri hakimdhuru mlaji zaidi ya kumkera meno, ilhali gimbi katika hali hiyohiyo huuma, na tofauti hiyo haitokani na ugumu wa chakula bali na maumbile ya mmea wenyewe.

Gimbi, ambalo Wakenya huliita nduma na watu wa Unguja na Pemba jimbi, ni tunguu, yaani shina lililovimba chini ya udongo ili kuhifadhi wanga, ingawa jikoni na sokoni huhesabiwa pamoja na mizizi kama muhogo. Yanayouzwa kwa jina hilo yanatoka katika mimea miwili iliyo ya ukoo mmoja: Colocasia esculenta, yenye asili ya Asia, ambayo kikonyo chake hujishikiza karibu na katikati ya jani, na Xanthosoma, yenye asili ya Amerika ya kitropiki, ambayo kikonyo chake hujishikiza penye pengo la ukingoni. Yote miwili hupenda maji na kivuli, ndiyo maana hustawi Kilimanjaro, Kagera, Rungwe na kwenye miteremko ya Uluguru, na ndiyo maana pia mtu wa Dodoma anaweza kufikia utu uzima bila kuwahi kuona shamba la magimbi.

Ndani ya nyama ya gimbi bichi, na zaidi ndani ya majani na vikonyo vyake, mna seli maalumu zilizojaa fuwele za kalsiamu oksaleti, yaani chumvi inayotokana na kuungana kwa madini ya kalsiamu na asidi iitwayo oksaliki. Fuwele hizo zina umbo la sindano nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, zimefungwa mafungumafungu, na seli inapopasuliwa kwa kisu au kwa meno hufyatuka na kuchoma ngozi laini ya midomo, ulimi na koo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa uchomaji huo peke yake ndio unaoleta muwasho, lakini maelezo hayo yalikuwa na kasoro iliyo wazi kwa yeyote aliyefikiri kidogo, kwani kalsiamu oksaleti haivunjiki kwa joto la jikoni, na gimbi lililoiva barabara bado lina sindano zake na haliwashi hata kidogo. Mwaka 1998 Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, akiwa na mwenzake, alichapisha ushahidi kwamba sindano zilizooshwa zikaondolewa protini iliyoshikamana nazo hupoteza makali yake, na kwamba protini hiyo ina tabia ya kimeng'enya, yaani kiini kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, cha aina inayomeng'enya protini nyingine. Kwa hiyo silaha ya gimbi ni kama mshale uliopakwa sumu: ncha hutoboa, na kilichopakwa ndicho kinachouma.

Maelezo haya yana faida ya moja kwa moja kwa mpishi, kwa sababu protini, tofauti na fuwele, huharibika kwa joto, na kazi yote ya kupika gimbi ni kuhakikisha kuwa joto la kutosha limefika hadi katikati ya kila kipande na kukaa humo kwa muda wa kutosha. Kulainika kwa nje, ambako ndiko kulikompotosha msomaji, si kipimo cha kuaminika, kwa vile wanga wa pembezoni huvimba na kulegea mapema ilhali moyo wa gimbi ungali na rangi ya ubichi na protini yake ikiwa nzima.

Kuhusu neno sumu, inafaa gimbi litofautishwe na muhogo, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kutumia tahadhari ya kimoja kwa kingine. Muhogo, hasa ule mchungu, una kiini kiitwacho linamarini ambacho, seli zinapopondwa, huvunjwa na kimeng'enya cha muhogo wenyewe na hatimaye kutoa sianidi, sumu inayoingia katika damu na kuzuia seli kutumia oksijeni. Mahali ambapo muhogo mchungu huliwa kwa majuma mfululizo bila kuvundikwa au kukaushwa vya kutosha, na ambapo mlo hauna protini ya kutosha kuusaidia mwili kuipooza sianidi, hutokea konzo, yaani kupooza kwa ghafla kwa miguu yote miwili kusikopona, ugonjwa ulioelezwa na daktari Trolli katika eneo la Kwango nchini Kongo mwaka 1938, ukaonekana kwa wingi Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na ukawapata watu wa Tarime mkoani Mara mwaka 1985 wakati wa ukame. Bradbury huyohuyo aliyechunguza sindano za gimbi ndiye aliyebuni njia nyepesi ya kupunguza sianidi kwenye unga wa muhogo, ya kuulowanisha unga kwa maji, kuutandaza tabaka jembamba na kuuacha kwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu ipae hewani kabla unga haujasongwa. Gimbi halina hatari ya namna hii: madhara yake makubwa ni ya pale linapogusa, hujitangaza papo hapo, na kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya saa chache. Kwa maana hiyo gimbi ni adui mwaminifu kuliko muhogo mchungu, ambao mtu aliyezoea uchungu wake, au mwenye njaa, anaweza kuula mwezi mzima pasipo onyo lolote.

Aliyewashwa mdomo asukutue kwa maji baridi na kuyatema, kisha anywe maziwa baridi au maji kidogo kidogo, na asijitapishe, kwani kutapika hurudisha sindano njia ileile zilikopita. Uvimbe wa ulimi au midomo unaozidi, sauti kukwaruza, kushindwa kumeza mate au kupumua kwa shida ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kusubiri, hasa akiwa mtoto mdogo, ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba.

Mapishi yenyewe huanzia sokoni, ambako gimbi zuri hutambulikana kwa kuwa zito na gumu kila mahali linapobonyezwa, bila sehemu yenye majimaji, ukungu au harufu ya kuoza, na likikatwa huonyesha nyama nyeupe au yenye vijinyuzi vya zambarau, ambavyo ni rangi yake ya asili wala si dalili ya kuharibika. Mpishi asiyeyazoea anashauriwa kuchagua magimbi madogo au ya kadiri, kwa sababu kubwa mno huchelewa kuiva katikati, na kuyahifadhi penye hewa na kivuli kwa siku chache tu, bila kuyafunga ndani ya mfuko wa plastiki unaoyatoa jasho na kuyaozesha.

Katika kumenya, kosa linalofanywa na wengi ni kuliosha gimbi, kisha kulimenya likiwa bado linatiririka maji, kwa vile maji huchanganyika na ute wake na kuusambaza mikononi pamoja na sindano zilizomo. Njia bora ni kuondoa udongo kwa maji na brashi, kulikausha gimbi kwa kitambaa, kujipaka mafuta ya kupikia mikononi au kuvaa glavu, kulimenya likiwa kavu, na kuosha vipande mwishoni kabisa kabla ya kuviingiza chunguni. Huko Kupro, ambako gimbi ni chakula cha siku nyingi, wapishi huenda mbali zaidi, kwani baada ya kulimenya hulifuta tu, na badala ya kulikata moja kwa moja huingiza kisu kidogo na kulibanjua kipande kwa kipande ili ute usijae kwenye mchuzi. Asiyetaka usumbufu wote huo anaweza kufanya kama wafanyavyo wengi katika nyanda za juu za Kenya, yaani kulichemsha zima na ganda lake hadi liive ndipo limenywe, na kwa mtu anayejifunza njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote, ijapokuwa, kama itakavyoonekana, haimfai kila mgonjwa.

Vipande vya ukubwa wa robo ya ngumi vitiwe katika maji mengi yanayovifunika kabisa, vichemke kwa dakika 30 hivi, na gimbi zima lipewe kati ya dakika 45 na saa moja, au zaidi likiwa kubwa. Muda huu hauwezi kuwa sheria, kwa sababu aina za magimbi hutofautiana sana, na pia kwa sababu maji hayachemki kwa joto moja kila mahali: pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, Dodoma karibu na nyuzi 96, na katika miinuko kama ya Njombe nyuzi 93 au 94 tu, kiasi kwamba mapishi yaliyofundishwa na shangazi wa Tanga yanaweza kuacha gimbi likiwa bichi mbele ya mpishi aliyehamia milimani. Sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto hadi karibu nyuzi 120, huondoa tatizo hilo. Kipimo cha mwisho ni uma au kisu chembamba kuingia hadi katikati bila kukwama, na nyama ya ndani kuwa na rangi moja, isiyo na kiini cheupe kigumu. Na kabla ya kuwapa wengine, mpishi aonje kipande kidogo kilichotoka kwenye gimbi kubwa kuliko yote, asubiri dakika chache, na akihisi hata mtekenyo mdogo arudishe chungu motoni. Kukaanga vipande vibichi moja kwa moja kwenye mafuta hakumfai anayeanza, kwani nje huungua ilhali ndani hakujapata joto la kutosha, na wanaopenda magimbi ya kukaanga hufanya vyema kuyachemsha kwanza.

Msomaji anauliza pia kuhusu magadi, ambayo jirani alimshauri ayatie. Magadi na soda ya kuokea hulainisha vyakula haraka na huenda vikapunguza muwasho, lakini huharibu sehemu ya vitamini na kuongeza sodiamu, yaani madini yaleyale ya chumvi ambayo mwenye shinikizo la juu la damu huambiwa ayapunguze, na kwa gimbi lililochemshwa muda wake hayana kazi ya lazima. Ndimu au ukwaju, vinavyotumika katika nchi nyingi zinazokula gimbi, havina dosari hiyo na huongeza ladha, ila visichukuliwe kuwa mbadala wa moto.

Swali la kisukari linastahili jibu la wazi kuliko lile linalotolewa sokoni. Gramu 100 za magimbi yaliyochemshwa zina takriban gramu 34 za wanga pamoja na nyuzinyuzi, ambazo ni sehemu ya mmea isiyomeng'enywa, gramu 5, ilhali uzito huohuo wa viazi mviringo vilivyochemshwa una wanga wa gramu 20 tu, na ndiyo kusema kwamba sahani moja ya magimbi humpa mlaji wanga mwingi zaidi kuliko sahani kama hiyo ya viazi. Sifa ambayo imelipa gimbi jina zuri ni fahirisi ya glaisemia, yaani kipimo cha kasi ambayo wanga wa chakula hupandisha sukari ya damu ukilinganishwa na glukosi, ambayo hupewa 100. Kwenye kipimo hicho magimbi ya kuchemsha mara nyingi huangukia katikati ya hamsini, chini ya mkate mweupe na chini ya aina nyingi za viazi mviringo, ingawa hutegemea aina na upishi. Kasi ndogo ni jambo jema, lakini haifuti wingi, na mgonjwa aliyeambiwa kuwa magimbi "hayana sukari" akajaza sahani atapimwa saa mbili baadaye na kukuta kipimo chake kimepanda kama cha mtu aliyekula wali. Mama mkwe wa msomaji anaweza kuyala, kwa kiasi cha vipande viwili au vitatu vyenye jumla ya gramu 100 hadi 150, yakichukua nafasi ya ugali au wali wa mlo huo badala ya kuongezwa juu yake, pamoja na mboga za majani na samaki, maharage au kunde, na akiwa na mashine ya kupimia sukari nyumbani, apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula mara mbili tatu za mwanzo, kwani namba za mwili wake mwenyewe zina uzito kuliko jedwali lolote. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asibadilishe dozi kwa sababu ya magimbi bila kuzungumza na mtaalamu anayemtibu. Chai yenye sukari nyingi, ambayo ndiyo mwandani wa magimbi ya asubuhi, huharibu hesabu yote hii.

Kuna kundi jingine ambalo halikutajwa katika swali lakini ndilo lenye sababu nzito zaidi ya kujihadhari, nalo ni la wenye maradhi ya figo, na kwa bahati mbaya wengi wao ni walewale wenye kisukari cha miaka mingi. Mbali na oksaleti iliyofungwa ndani ya sindano, gimbi lina oksaleti inayoyeyuka katika maji, ambayo hufyonzwa na utumbo, hupita kwenye figo na, kwa mtu mwenye mwelekeo huo, hukutana na kalsiamu kwenye mkojo na kutengeneza mawe, kwani mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu oksaleti. Kuchemsha vipande vilivyomenywa katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo huondoa sehemu kubwa ya oksaleti hii, ilhali kuoka au kuchoma huiacha ndani. Inasaidia pia kula magimbi pamoja na chakula chenye kalsiamu, kwa sababu kalsiamu hukutana na oksaleti tumboni, ikaifunga, na zote mbili zikatoka kwa njia ya choo bila kufika kwenye figo. Ndiyo maana ushauri unaosikika mitaani, wa kumzuia mwenye mawe asinywe maziwa, humfanyia kinyume cha alichokusudiwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi au glasi ya maziwa hufaa kwa kazi hiyo. Tui la nazi, ambalo watu wa pwani huliona kuwa ndilo mwenzi halisi wa majimbi, halifai, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yana takriban miligramu 120 za kalsiamu kwa kila mililita 100 na tui halifikii hata robo ya kiasi hicho, mbali na kuwa na mafuta mengi.

Jambo la pili kwa wenye figo dhaifu ni potasiamu, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa na ambayo yakizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo. Magimbi yaliyochemshwa yana takriban miligramu 480 za potasiamu kwa kila gramu 100, kiwango cha juu, na gimbi lililochemshwa na ganda lake huhifadhi sehemu kubwa ya madini hayo, hali ambayo kwa mtu mwenye afya ni faida, lakini kwa anayesafishwa damu kwa mashine inaweza kuwa hatari. Mgonjwa wa namna hiyo asianze kula magimbi kabla ya kumuuliza daktari au mtaalamu wa lishe, na akiruhusiwa, yamenywe, yakatwe vipande vidogo, yachemshwe, maji yamwagwe na yachemshwe tena katika maji mapya.

Kwa watoto waliofikisha miezi sita na kuanza kulishwa vyakula vya nyongeza, magimbi yaliyoiva kabisa na kupondwa ni chakula chepesi, kwa kuwa chembe za wanga wake ni ndogo sana na humeng'enywa kwa urahisi, lakini yana protini kidogo mno, hivyo hayawezi kuwa uji wa peke yake na lazima yachanganywe na maziwa, yai, samaki aliyesagwa au maharage.

Majani ya magimbi, ambayo wauzaji wengine huyafunga pamoja na matunguu kama zawadi, ni mboga nzuri, ila yana sindano na oksaleti inayoyeyuka kwa kiwango kinachozidi kile cha tunguu, na hupaswa kuchemshwa kwa muda usiopungua dakika 45, maji ya kwanza yakimwagwa, ndipo yaungwe. Mimea ya mapambo inayofanana nayo, yenye majani makubwa kama masikio ya tembo na inayopandwa kwenye vyungu vya veranda na bustani za hoteli, mingi ina sindano hizohizo na haikukuzwa kwa ajili ya kuliwa. Anayetaka kupanda magimbi yake nyumbani aombe miche kwa mkulima anayeyala mwenyewe, na mmea ambao hakuna mtu anayejua umetoka wapi usiingie chunguni hata ukichemshwa siku nzima.